Dalali Aliyetuambia Tuuze

Bena mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza habari za huko, lakini huko kwenyewe ni chumba cha pili, na kutoka hapa sebuleni nakusikia ukivuta zipu ya begi na mama yako akikuambia haitafunga. Habari zako ninazo. Nakuandikia kwa sababu wiki mbili hizi mimi na wewe tumebaki kusalimiana tu. "Shikamoo baba." "Marahaba." Kisha kila mtu na sahani yake. Kesho treni ikija, na ikija kwa wakati itakuwa imetushangaza wote, nitakubebea begi hadi stesheni na nitasema maneno ya stesheni: angalia mzigo wako, usilale kabla ya Mlimba, ukifika piga simu. Haya ninayotaka kusema hayatasemeka pale.

Mambo ya kula, ya kulala, ya misa na ya wanaume wa huko Tunduma unakokwenda kazini nimemwachia mama yako. Ameshayasema yote, mengine mara mbili. Mimi nataka kuzungumzia lile uliloniomba.

Uliniomba jina langu. Hukulitamka hivyo, lakini ndilo uliloliomba. Ulisema kampuni iliyokuajiri inashughulika na dola za mtandaoni, kwamba wafanyabiashara wa pale mpakani wameshaanza kuzitumia, na kwamba ukishaijua kazi wanataka urudi huku bondeni wakati wa mavuno uwaingize wakulima wa mpunga. Ukaniambia, "Baba, watu hawa wakisikia wewe umekubali, wamekubali. Niruhusu tu niwaambie tuko pamoja." Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikakujibu kwamba kama unataka kuuza hewa kauze, lakini usiipakie kwenye gunia langu. Neno hilo nalijutia. Mama yako aliniambia palepale kwamba nina mdomo wa mlevi bila hata kuonja pombe, na alisema kweli. Nisamehe.

Nawe ukanijibu, ukiwa umesimama mlangoni, "Unaogopa kwa sababu uliumia." Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili huijui, kwa sababu sijawahi kuisema hata kwa mama yako.

Nianze mbali kidogo. Fedha za kwenye simu zilipoingia Ifakara, mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Nilikuwa na msemo wangu mashineni, pale tunapokobolea mpunga: hela ambayo huwezi kuikunja si hela. Watu wakacheka, nikajiona mwerevu. Mwaka huohuo bibi yako akaugua kule Lupiro. Baba yako mdogo, Severini, akanipigia kwamba zahanati dawa hakuna, zinapatikana duka la dawa, na dukani hawakopeshi. Hela nilikuwa nazo mfukoni. Mto ulikuwa umejaa na daraja lilikuwa bado. Kijana wa kwenye kibanda cha wakala akaniambia, "Mzee, nipe namba ya ndugu yako, anapokea sasa hivi." Nikamwambia simpi mtoto wa mtu fedha za dawa ya mama yangu azitupe angani. Nikaenda Kivukoni.

Pantoni ilikuwa imesimama. Wenye mitumbwi walikuwa wamekaa wakiangalia magogo yakipita, na hakuna aliyethubutu kuingia. Nikakaa pale na hela yangu kuanzia asubuhi hadi wavuvi walipoondoka. Kesho yake maji yakapungua, nikavuka. Nikamkuta bibi yako amelala kwenye mkeka, amekonda kwa siku moja kama aliyeumwa mwezi. Asubuhi ile Severini alikuwa ameweka baiskeli yake rehani kwa mwenye duka ili apewe dawa. Bibi yako akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Ulikaa ng'ambo unazilinda zisilowe?" Alipona, Mungu ni mwema, na kila Krismasi hadi alipofariki alinikumbusha mbele ya watu. Nilicheka nao. Lakini usiku ule alioupita bila dawa ni wangu, hakuna mwingine wa kumpa.

Nilichojifunza pale nilijifunza vibaya. Nilijiambia: Kasiani, safari nyingine kitu kipya kikija usiwe wa mwisho.

Sasa lile la sarafu, lililoniumiza. Lilitokea wewe ukiwa chuoni, ukalisikia likiwa limeshapikwa na watu. Wengi husema tuliibiwa. Huwa nawaacha, kwa sababu kuibiwa kunapunguza aibu.

Unajua ninavyoishi. Wakulima wengi wa hapa huuza mpunga ukiwa bado na joto la uwanjani, kwa sababu ada ya shule haingoji. Mwenye uvumilivu anauleta ghalani kwangu, anashona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi yake, anakwenda zake. Anasubiri. Mvua zikishakata njia na miji ikaanza kuulizia mchele, ndipo anakuja kuuza. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kusubiri. Na dalali, ambaye naye ana watoto, kazi yake ni kukuambia uza leo, kesho bei inaanguka. Babu yako aliniambia, nami nimewaambia wengine hadi wamechoka: dalali akianza kukubembeleza uuze, funga mlango wa ghala, bei inapanda.

Yule kijana alitoka Morogoro mjini. Alikuwa na viatu vyeupe ambavyo vumbi la pumba liliviua siku ya kwanza. Alikaa mashineni akatueleza kwamba kuna sarafu ya kwenye simu, haina nchi, inapanda na kushuka, ukiinunua iko chini ukaiuza iko juu umepata. Watu waliguna. Hawakumwelewa, wala hawakuwa na sababu ya kumwelewa. Mimi ndiye niliyewatafsiria. Siku ile jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa Mama Kandida, na baada ya sala nilisimama nikasema, "Jamani, hili nalo ni ghala. Tofauti yake ni kwamba halina panya." Watu wakacheka. Mtu akishacheka ameshafungua mfuko. Wakaweka, nami nikaweka. Mama Kandida, ambaye tangu mumewe afariki alikuwa akijenga nyumba tofali kwa tofali, aliuza gunia zake kabla ya wakati akaweka hela yote.

Ikapanda. Hilo watu hawalisimulii siku hizi, lakini ilipanda. Ilipanda hadi nikawa nasalimiwa na watu waliokuwa wakinipita. Ndipo yule kijana akanipigia simu. Nilikuwa uwanjani nageuza mpunga.

"Mzee, uzeni," akasema. "Uzeni leo, hata nusu. Haitakaa hapa juu."

"Mbona una haraka?"

"Sina haraka, mzee wangu. Nawahurumia."

Nikakata simu, nikawaambia wenzangu, mmesikia? Dalali ameanza kubembeleza. Wakaelewa bila maelezo, maana ndiyo lugha yetu. Mama Kandida peke yake ndiye aliyekuwa ameamua kuuza. Alishavaa kitenge chake cha kutokea, anakwenda kwa kijana aliyekuwa akitusaidia na simu. Nilikutana naye njiani, nikamrudisha. Nilimwambia, "Dada, wewe subiri masika."

Masika yakaja, na ile sarafu ikawa imeshaanza kuanguka. Tukasubiri, kwa sababu mpunga ukishuka tunasubiri. Ikaanguka tena, tukaambiana kwamba itageuka. Mpunga ukikataa kabisa kupanda unaukoboa, unakula, na watoto wanalala wameshiba. Sarafu ile ilipokufa hapakuwa na cha kukoboa.

Hiyo ndiyo nusu ya pili, Bena. Hatukuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu mmoja alituambia ukweli kwa wakati wake, na mimi nikamfungia mlango kwa kutumia kitu ninachokijua kuliko vyote. Kama ningekuwa mjinga ningetubu ujinga nikapumzika. Lakini niliangushwa na maarifa yangu mwenyewe, yaleyale ambayo bado yananilisha ghalani. Tangu hapo kila nikimshauri mtu jambo, hata la kuanika mpunga, nasikia uchovu umenikaa mabegani.

Nilikwenda kumwomba msamaha Mama Kandida. Alikuwa anaanika.

"Baba Bena," akaniuliza, "mafuriko yalipobeba shamba langu, nilikuja kukudai?"

"Mafuriko sikuyaleta mimi."

"Basi na hili tuseme mafuriko. Nipishe hapo, unakanyaga mpunga."

Nyumba yake imeishia usawa wa madirisha, na ndani kila masika majani yanaota. Na mavuno yaliyofuata alileta gunia zake ghalani kwangu kama kawaida, zimeshonwa kwa uzi wake mwekundu. Angenitukana ningepona mapema.

Sasa usidhani naandika haya ili kukuambia kazi yako ni mbaya. Ulipokuwa ukinieleza kwa punje za maharage pale mkekani, nilijifanya sisikilizi, lakini nilisikia. Nilisikia kwamba dola hizo zenu hazirukiruki kama ile sarafu yetu, kwamba zinakaa na thamani ya dola ileile. Nimeona kwa macho yangu pia. Mwenye mashine ya kukobolea aliagiza raba za mashine kutoka China, benki wakamwambia asubiri dola, akasubiri hadi mashine ikasimama. Mwanawe akalipa kwa njia hiyo ya mtandaoni, mzigo ukafika. Hata vijana wa bodaboda wanaokwenda Lupiro nawaona kijiweni wanainamia simu wakiulizana dola imefika shilingi ngapi. Kwa hiyo sisemi haitakuja. Nilishasema hivyo mara moja kuhusu fedha za simu, na bibi yako akanicheka hadi kaburini.

Ninachosema ni kwamba itaingia kwa mlango wa mtu anayeihitaji. Mwenye kununua raba China anaihitaji. Lakini Mama Kandida anauza mpunga mara moja kwa mwaka, ananunua chumvi na sabuni hapahapa, simu yake ni kitochi cha kupiga na kupokea tu, na mvua ikinyesha vizuri mtandao unakwenda likizo. Ataifanyia nini? Fedha za simu zilishinda ubishi wetu kwa sababu yule wakala alikuwa pale kwenye kona. Nilikuwa namjua baba yake. Ukimpa hela asubuhi, jioni unazichukua unanunua samaki, na shilingi uliyoiweka ni shilingi unayoikuta. Mkiweza kufika hapo, watu watakuja wenyewe, wala hamtahitaji mzee wa ghala awasemee.

Na serikali nayo sijaielewa. Mara nasikia redioni kwamba hizi si fedha halali za nchi, mara nasikia zinakatwa kodi. Nilimuuliza katekista wetu inawezekanaje. Akasema yeye amesomea katekesimu, nimwache. Wewe usiwe kama katekista. Mkulima atakuuliza swali hilo, na ana haki ya kujibiwa kabla hajatoa hata senti.

Lakini kuna jambo moja ulilisema kwa furaha sana, na ndilo lililonikalia moyoni. Ulisema uzuri wa mambo haya ni kwamba mtu hahitaji kumwamini mtu yeyote. Mwanangu, wakati ule wa sarafu kila mmoja wetu alipewa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, akaambiwa huo ndio ufunguo, asimwonyeshe hata mkewe. Kesho yake wote walikuja kwangu. "Baba Bena, tutunzie." Hawawezi kuyasoma, nyumba zao zinaliwa na mchwa, na toka lini mtu akatunza peke yake kitu cha maana? Nilibaki na funguo za jumuiya nzima. Kitu kilichotengenezwa ili asiaminiwe mtu kikaishia kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi. Huku kwetu mtu asiyemwamini yeyote tunamwombea novena. Kwa hiyo hao wakubwa zako wa ofisini waambie, kwa adabu, kwamba imani haitaondoka kwa kuandikiwa programu. Itahamia kwa atakayekuwa karibu. Na kwa watu wa bonde hili atakayekuwa karibu ni wewe.

Ndiyo maana nilisema hapana. Sikuogopa kwamba utawadanganya. Nimekulea, najua uongo wako, unajivuta sikio. Niliogopa kwamba utawaambia kweli, na wao wataisikia kwa masikio ya mpunga, kama sisi. Utasema "toeni", watasikia "dalali". Utasema "hii ni ya kutumia", wao wataiweka wasubiri masika. Unaweza kuwa mkweli kabisa na bado nyumba ya mtu ikaishia madirishani. Yule kijana wa Morogoro alikuwa mkweli.

Kanuni ya kukupa sina. Nilikataa kitu kipya, mama yangu akalala bila dawa. Nikakubali kitu kipya, Mama Kandida akakosa paa. Baba za wengine wanatoka kwenye makosa yao na methali. Mimi nimetoka na mwili uliochoka na jambo dogo tu: kabla hujamwonyesha mtu mlango wa kuingilia, mtembeze kwenye wa kutokea. Mfanye atoe hela yake mbele yako, aishike, akanunue samaki, arudi nyumbani akacheke na watoto wake. Akishatoka mara kadhaa kwa miguu yake ndipo mwache aingie. Wakubwa zako hawatalipenda hilo, maana linachelewesha. Wasipolipenda, ujue uko kwa watu wa namna gani.

Na mimi, nimeamua hivi. Mbele ya jumuiya sitasimama tena, si kwa ajili yako wala kwa ajili ya mwingine. Miguu imekataa. Lakini pia sitakupinga, hata kwa kuguna. Ukirudi wakati wa mavuno, kabla hujakanyaga kwa mtu yeyote, kaa na mimi ghalani unifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza. Nitakuuliza maswali ya kijinga. Yavumilie, ndiyo watakayokuuliza.

Nakupenda, Bena. Sijui kwa nini ni rahisi kuliandika na pale mezani lilinishinda, na wiki mbili zikapita hivihivi, wiki ambazo ningekaa na wewe barazani tukamcheka mama yako. Hizo nimezipoteza na hazirudi.

Sasa kuhusu jina. Leo mchana nilikuwa mashineni, watu wananisalimia mmoja baada ya mwingine, na ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa mpuuzi. Hakuna hata mmoja aliyeniita Kasiani. Hapa Ifakara Kasiani ameshasahaulika, tangu siku uliyozaliwa naitwa Baba Bena. Wiki mbili nimekunyima kitu ambacho ni chako. Jina nililosimamia jumuiyani lilikuwa lako, jina walilolikabidhi funguo lilikuwa lako, na Mama Kandida anapolitaja kila asubuhi akipita na ndoo, anakutaja wewe. Sina ruhusa ya kukupa. Sema tu wewe ni nani, wameshakujua. Lakini wewe utakuwa Tunduma. Mimi ndiye nitakayebaki hapa nikiitika.

Baba Bena